Je, Kampuni Kubwa Huua Ushindani katika Uchumi wa Kibepari?

Swali la mfano: "Katika uchumi wa kibepari, kampuni kubwa ni adui wa ushindani." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka Tanzania na kwingineko.

Mtahiniwa mpendwa, swali la namna hii huwapotezea wengi alama kwa sababu moja: hukimbilia upande mmoja kabla ya kufikiri. Mmoja ataandika kurasa mbili kulaani mabeberu, mwingine ataandika kurasa mbili kuwasifu wawekezaji, na wote wawili hawatakuwa wamejadili. Neno *jadili* linakutaka upime pande zote, kisha utoe msimamo unaotokana na hoja ulizotoa. Katika somo hili tutajenga hoja hatua kwa hatua.

1. Maana ya maneno muhimu

*Ubepari* ni mfumo wa uchumi ambamo njia kuu za uzalishaji, kama vile viwanda, mashamba na mitaji, humilikiwa na watu binafsi au kampuni kwa lengo la kupata faida.

*Ushindani* ni hali ya wauzaji au wanunuzi wengi kugombea wateja au bidhaa, kila mmoja akijaribu kutoa bei nzuri, ubora au huduma bora kuliko mwenzake.

*Ukiritimba* ni hali ya muuzaji mmoja kulishika soko lote. Soko likishikwa na kampuni tatu au nne tu, tunaliita *soko la wachache*.

*Nguvu ya soko* ni uwezo wa kampuni kupandisha bei au kushusha ubora bila kuogopa kukimbiwa na wateja. Lishike neno hili vizuri, maana ndilo ufunguo wa swali zima. Kampuni inaweza kuwa kubwa bila kuwa na nguvu hiyo, kwa sababu wapinzani wake nao ni wakubwa. Duka dogo la kijijini linaweza kuwa nayo, kama duka jingine liko mwendo wa saa mbili kwa miguu.

2. Kwa nini ubepari huzaa kampuni kubwa

Ushindani wenyewe ndio huzaa wakubwa. Mwenye kiwanda anayezalisha mifuko milioni moja hugawa gharama za mitambo, mishahara na umeme kwa mifuko mingi, hivyo kila mfuko humgharimu kidogo kuliko mwenzake anayezalisha mifuko elfu kumi. Mdogo hushindwa, hufunga au hununuliwa. Ndiyo maana katika historia ubepari wa viwanda vingi vidogo wa Ulaya na Marekani uligeuka, kufikia mwisho wa karne ya 19, kuwa *ubepari wa ukiritimba*.

Mfano maarufu ni Standard Oil ya John D. Rockefeller, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1870. Ilisafisha mafuta kwa gharama nafuu, lakini pia ilipata punguzo la siri la nauli za reli ambalo wapinzani wake hawakulipata. Ilifika mahali ikashika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini humo. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ukiritimba, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru kampuni hiyo igawanywe. Zikazaliwa kampuni 34.

Kwetu, ukiritimba ulikuja pamoja na ukoloni. Mwaka 1885 kampuni ya Karl Peters ilipewa hati ya ulinzi na mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilichukua kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar kazi ya kukusanya ushuru wa forodha pwani. Kampuni ya biashara ikawa na mamlaka ya kuwatoza wafanyabiashara wenzake! Agosti mwaka huohuo Pangani, katika Mkoa wetu wa Tanga, ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Unapoandika sababu za vita ile, usisahau hii ya kiuchumi.

3. Hoja zinazounga mkono kauli

*Kuuza kwa hasara kwa makusudi.* Kampuni yenye mtaji mkubwa inaweza kushusha bei chini ya gharama hadi mdogo afilisike, kisha ikaipandisha. Mteja hufurahi miezi sita na kulia miaka sita.

*Kuwameza wapinzani.* Badala ya kushindana na mwenzake, kampuni humnunua. Bidhaa zinaweza kubaki na majina mawili dukani, lakini mwenye mali ni mmoja.

*Kufunga njia.* Kampuni huwafunga mawakala kwa mikataba ili wasiuze bidhaa za wengine. Nchini Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mawakala wake hawakuruhusiwa kuhudumia mitandao mingine. Mshindani angeweza kuwa na huduma nzuri, lakini angeitolea wapi bila mawakala?

*Kupatana bei kwa siri.* Wakubwa wachache hukaa pamoja wakakubaliana bei au wakagawana maeneo. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika soko mambo ni kinyume: tembo wakipigana, nyasi hupona, wakipatana, ndipo nyasi huumia.

*Kumbana mkulima.* Watahiniwa wengi huusahau upande huu. Ukiritimba si wa muuzaji peke yake. Upo pia wa mnunuzi. Sisi tunaoishi Magamba tunaujua. Karoti zikishang'olewa hazisubiri. Wanunuzi wakiwa wengi, mkulima huchagua. Akifika mwenye lori mmoja tu, yeye ndiye hupanga bei, na ndiye huamua gunia lijazwe hadi litoe kilemba, yaani *lumbesa*, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Chai ni zaidi ya hapo: majani mabichi yanatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, kwa hiyo mkulima mdogo hawezi kuyapeleka mbali kutafuta bei. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilipofungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, wakulima wengi walikosa pa kupeleka majani yao. Mnunuzi akiwa mmoja, hata kuondoka kwake ni janga.

4. Hoja zinazopinga kauli

*Ukubwa huweza kuleta ushindani.* Kiwanda cha saruji si genge la nyanya. Mtaji wake ni mkubwa mno. Kiwanda cha Dangote kilipoanza uzalishaji Mtwara mwishoni mwa mwaka 2015, kampuni za zamani zilipata mpinzani wa kweli, na vita ya bei ikaanza. Mdogo asingeweza kufanya hivyo. Hapa mkubwa hakuua ushindani, aliuleta.

*Ukubwa huleta nafuu na ugunduzi.* Minara ya simu hadi milimani kama kwetu Usambara hujengwa na wenye mitaji. Huduma za fedha kwa simu zilizoanza nchini mwaka 2008 ziliwafikia watu ambao benki haikuwahi kuwafikia.

*Ukiritimba si ugonjwa wa ubepari peke yake.* Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara nyingi zilikwenda kwa mashirika ya umma. Lengo lilikuwa usawa, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni. Zipo sababu nyingine, kama vile vita vya Kagera na bei ya mafuta, lakini kukosekana kwa mshindani nako kuliwanyima wananchi mahali pengine pa kwenda. Mwenye soko peke yake, awe tajiri au shirika la umma, huwa hana haraka.

5. Kisa cha kujifunzia: saruji ya Twiga na Simba

Mfano huu uandike kwa makini; unatoka mkoani kwetu na unaonyesha pande zote mbili.

Saruji ni nzito, na bei yake kwa kilo ni ndogo. Ukiisafirisha mbali, nauli hula faida. Kwa hiyo mwananchi wa Magamba anayejenga vyumba viwili hawi na viwanda vyote vya Tanzania mbele yake. Ana vile ambavyo mfuko wake unaweza kupanda mlima kutoka Mombo, kupitia Soni na Lushoto, ukafika kwa bei anayoimudu. Karibu zaidi ni kiwanda cha Tanga Cement kilichopo Pongwe, Tanga, kinachotengeneza saruji ya Simba. Mpinzani wake mkubwa ni Twiga Cement ya Wazo, Dar es Salaam.

Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, yenye hisa nyingi katika Twiga na iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani, ilitangaza nia ya kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Waliounga mkono walisema Tanga Cement ililemewa na madeni na ilihitaji mtaji. Waliopinga waliuliza: Twiga na Simba wakiwa zizi moja, nani atabaki kushindana nao kaskazini?

Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC, iliridhia mwaka 2022 kwa masharti. Rufaa ikakatwa. Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani lilizuia muungano huo kwa hoja kwamba kampuni hizo kwa pamoja zingevuka kiwango cha asilimia 35 ya soko kilichowekwa kisheria. Ombi jipya likapelekwa, na mwaka 2023 ununuzi ukakamilika. Mwaka 2024 Scancem iliuza sehemu kubwa ya hisa hizo kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania ambayo tayari ilikuwa katika biashara ya saruji.

Unajifunza nini hapa? Kwanza, vyombo viwili vyenye wataalamu, vikitazama kampuni zilezile, vilitoa majibu tofauti. Hili si swali la ndiyo au hapana ya haraka. Pili, kabla ya kusema kampuni "imeshika soko", uliza *soko lipi?* Nchi nzima, au kanda moja? Tatu, mmiliki kuwa mgeni au mzawa hakubadilishi swali. Kila mwenye kumiliki viwanda zaidi ya kimoja anapaswa kuulizwa: mteja ana kwingine pa kwenda?

6. Nini hufanyika ili kulinda ushindani

Tanzania ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Sheria hii haikatazi kampuni kuwa kubwa. Ilipotungwa, iliweka asilimia 35 ya soko kuwa mojawapo ya vipimo vya kampuni yenye nguvu kubwa, kisha ikakataza *kuitumia vibaya* nguvu hiyo, pamoja na kupatana bei na miungano inayojenga au kuimarisha nguvu hiyo. Usichanganye mambo haya mawili katika jibu lako.

Wakati mwingine dawa ni kufungua mlango tu. Mwaka 2014, baada ya suala la mawakala kufikishwa kwenye mamlaka ya ushindani ya Kenya, Safaricom iliwaruhusu mawakala wake kuhudumia mitandao mingine. Kampuni haikuvunjwa, na M-Pesa iliendelea kuongoza. Hapa Tanzania, mwaka 2014 baadhi ya mitandao ilikubaliana wateja wake watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mteja wa mtandao mdogo hakubaki kisiwani.

Wanunuzi na wakulima nao wana nafasi. Wakulima wanaouza pamoja kupitia ushirika imara, au wenye ghala la kuhifadhia, hawamlilii mwenye lori mmoja.

7. Msimamo wa kuhitimishia

Kauli ya swali ina ukweli nusu. Ukubwa peke yake si adui wa ushindani. Adui ni mlango uliofungwa. Kampuni kubwa inayoweza kupokonywa wateja kesho hulazimika kuwatumikia leo. Kampuni, hata ndogo, iliyohakikisha hakuna mwingine anayeweza kuingia haina sababu ya kuwajali. Na kwa kuwa ubepari ukiachwa wenyewe huelekea kuwapa wakubwa uwezo wa kuufunga mlango huo, ushindani haujilindi. Hulindwa na sheria, vyombo huru na wananchi wanaouliza maswali.

Zingatia unapoandika:

- Anza kwa kufafanua ukiritimba, ushindani na nguvu ya soko.
- Toa angalau hoja tatu kila upande, kila hoja na mfano wake wenye mahali na mwaka.
- Usiandike "kampuni kubwa ni mbaya" bila kuonyesha *inavyofanya* ubaya huo.
- Hitimisha kwa msimamo, usihitimishe kwa kurudia swali.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kampuni kubwa na kampuni yenye nguvu ya soko.
2. Kwa nini mkulima wa chai yuko hatarini zaidi mbele ya mnunuzi mmoja kuliko mkulima wa maharage makavu?
3. Ungekuwa mjumbe wa Baraza la Ushindani mwaka 2022, ungeamua nini kuhusu Twiga na Simba? Toa sababu tatu.
4. Chunguza bidhaa moja inayouzwa kijijini kwenu. Ina wauzaji wangapi? Bei ikipanda, mnunuzi anaweza kwenda wapi?