Ua Linalomngoja Panya

Nyuki na kipepeo wamesifiwa vya kutosha katika vitabu vya shule. Panya hakusifiwa popote, na khasa si na mama zetu, waliokuwa wakifunika unga na tende kila usiku kwa ajili yake. Basi ndugu zangu na wajukuu zangu, nawaletea habari ya ua ambalo panya akizuiwa kulifikia, mbegu zake hupungua sana.

Mmea wenyewe waitwa Massonia depressa, nao ni wa namna ya kitunguu. Humea porini Afrika ya Kusini, katika nchi kavu za Karoo na Namaqualand. Jina limetokana na Francis Masson, mtunza bustani wa Kiskochi aliyetumwa Rasi na bustani ya Kew mwaka 1772 kukusanya mimea. Mvua ya huko ni haba, na hiyo kidogo hunyesha wakati wa kipupwe. Siku za joto mmea hauonekani kabisa, kitunguu kimejificha udongoni kama kilichokufa. Mvua ikishuka hutoka majani mawili tu, mapana, yakalala chini kama sahani mbili zilizobandikwa ardhini. Katikati yake huchanua kifungu cha maua yaliyofifia rangi, hayana hata kikonyo cha kuyainua, na harufu yake ni kama ya hamira.

Sasa nani atayafuata maua hayo huko chini, usiku wa baridi, ili ayabebee chavua kutoka shina hili hadi lile? Mwaka 1978 wataalamu wawili, Wiens na Rourke, walieleza kuwa panya huifanya kazi hiyo kwa baadhi ya vichaka vya protea vya nchi hiyo hiyo. Kwa mimea ya vitunguu ilibaki dhana tu, mpaka mwaka 2001 Steven Johnson, Anton Pauw na Jeremy Midgley walipochapisha uchunguzi wao juu ya Massonia.

Mimi imenipendeza namna walivyotafuta ushahidi, kwani ni kama kadhi anavyosikiliza kesi ya mtu mwenye sifa mbaya. Waliwatega panya karibu na maua, wakawakuta na chavua tele puani. Wakatazama na kinyesi chao, nacho kina chavua, maana panya ni msafi kuliko tunavyomdhania: hujilamba manyoya, na kilicho juu yake hukimeza. Lakini huenda ni mwizi tu, ala maua? Wakachukua wengine kutoka mahali pengine, wakawaweka pamoja na maua katika masanduku ya kioo. Wakaramba utamu, wasiharibu ua hata moja. Mwisho wakayazungushia maua ya porini vizuizi, wadudu wapenye na panya wasiweze, na hapo mbegu zikapungua sana. Walipozuia wadudu peke yao, mbegu hazikupungua hivyo.

Aina za panya waliopatikana ni zisizopungua nne, mbili kati yao wale panya wa mchanga wenye miguu mirefu ya nyuma. Jamaa zetu walioko Oman wanao wa ukoo huo jangwani.

Lililonistaajabisha zaidi ni asali ya ua hilo. Si maji maji kama ya maua mengine, bali imeganda kama jeli, na uzito wake wa kunata ni kiasi cha mara 400 ya maji yenye sukari sawa na hiyo. Mdudu mwenye mrija mwembamba itamshinda kuinyonya. Panya yeye huinamisha kichwa akaramba kwa ulimi, na anapoinama pua hupita penye chavua.

Liko na ua jingine la ukoo huo huo, Massonia bifolia, liotalo kivulini mwa mawe huko Namaqualand. Hilo hutembelewa na panya wa mawe, na pia na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Wataalamu siku hizi humwita "sengi", neno walilolitoa katika lugha za Kibantu.

Hapa Uingereza wako wapenzi wa mimea waoteshao Massonia ndani ya nyumba za vioo. Humo panya hakaribishwi, kwa hivyo mwenye kutaka mbegu hushika brashi ndogo ya rangi, akapiga magoti, akaipitisha ua kwa ua.