Ilizama au ilizamishwa? Herufi chache, kesi kubwa

Leo tuongelee vitenzi vya kusababisha, vile vyenye -sha au -za mwishoni. Tunavitumia kila siku kwenye meseji, lakini ukikosea kidogo tu unaweza kumtwika mtu kesi isiyo yake, au kumvua iliyo yake.

Tuanze na Liemba yetu. Ukiandika "mwaka 1916 ile meli ilizama", msomaji atadhani ni dhoruba. Kumbe Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen, isije ikachukuliwa na adui. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924. Kwenye "zama" hakuna wa kuulizwa. Kwenye "zamisha" kuna mtu.

Haya, pisha na pitisha. Zote mama yao ni "pita". Ukimpisha mtu, umesogea tu njia ipatikane. Ukimpitisha, umemruhusu. Mlinzi wa geti aliyempisha mwenye mzigo hana neno, ila aliyempitisha ana maswali ya kujibu mzigo ukionekana ni wa wizi.

Lipisha na lipiza ndio balaa kabisa. "Nitamlipisha" maana yake atatoa hela. "Nitamlipiza" ni kisasi hicho! Mtu kakuvunjia simu, wewe unataka hela ya kioo tu, halafu unamtumia "nitakulipiza". Meseji hiyo ikifika polisi inasomeka kama kitisho, na hapo mwenye kesi ni wewe.

Mwisho kuna ndugu zao, fanya na acha. Linganisheni:

- "Mama kanisomesha kwa dagaa wa Kibirizi." Ada imetoka mfukoni mwake.
- "Mama kanifanya nisome." Labda kwa maneno, labda kwa fimbo. Ada katoa nani? Haijulikani.
- "Mama kaniacha nisome." Hakuzuia, basi.

Mnaona? Mama ni yuleyule na shule ni ileile, lakini jasho lake linapungua kila ukishuka mstari. Aliyeuza dagaa miaka saba ukamwandikia "kaniacha nisome", umemdhulumu.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: nani katenda, na kwa kiasi gani?

Wadau wa Ujiji, Gungu na Mwandiga, jozi nyingine mnazo? Onya na onyesha nawaachia nyie mchambue. Nawasilisha.