Noah ya familia: bei ya yadini si bei ya gari

FAMILIA nyingi za mijini zinapofikisha watoto watatu, na juu yao yuko bibi au shemeji anayeishi nyumbani hapo, gari dogo la viti vitano huanza kubana. Hapo ndipo jina la Toyota Noah linapotajwa. Gari hili la viti vinane na mlango wa kusukuma limekuwa kwa zaidi ya miaka 20 chaguo la kawaida la mfanyakazi wa kipato cha kati anayetaka kubeba nyumba nzima kwa safari moja.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hutazama bei moja tu, ile wanayotajiwa yadini au na muuzaji wa Japani. Gharama ya Noah huja kwa mafungu matatu: bei ya kununulia, kodi ya bandarini na matunzo ya barabarani. Mafungu mawili ya mwisho ndiyo huamua kama gari litaisaidia familia, au litawekwa juu ya mawe huku makato ya mkopo wa mshahara yakiendelea kila mwezi.

Mafungu hayo yanaweza kukisiwa kabla ya kutoa hata shilingi moja. Yanayohitajika ni mambo matatu: mwaka gari lilipotengenezwa, ukubwa wa injini yake, na herufi za mwanzo za namba ya chesisi.

Kwa nini Japani huuza kwa bei nafuu

Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, hivyo usukani uko upande unaofaa. Huko gari jipya la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo huambatana na ada, kodi ya uzito wa gari na bima ya lazima. Gari linapozeeka, mwenyewe huona ni afadhali aliuze kuliko kulilipia ukaguzi mwingine. Magari hayo hupelekwa mnadani, na mengi hununuliwa na wauzaji wa nje.

Gari la mnadani huwa na karatasi ya ukaguzi. Alama ya 4 au 4.5 ni ya gari lililotunzwa vizuri, na 3.5 ni ya wastani. Herufi R maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo huonyesha pia kilomita zilizosomwa siku ya mnada. Mnunuzi anapaswa kuiomba kabla ya kulipa, kwa sababu kilomita zinaweza kurudishwa nyuma gari likiwa njiani au likishafika. Muuzaji anayesitasita kuitoa amekwisha jibu swali.

Kodi inavyohesabiwa

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haitozi kodi kwa kufuata risiti ya mnunuzi peke yake. Inayo orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Anayeagiza gari bila kukipitia kwanza anajitafutia mshtuko bandarini.

Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika kwa miaka kadhaa, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli na bima hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi cc 2000, na asilimia 10 kwa iliyozidi cc 2000. Kisha kuna ule ambao watu huuita ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho ni VAT ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya vyote vilivyotangulia.

Tuseme Noah ya cc 2000 iliyozidi miaka 10 imethaminiwa shilingi milioni 8. Ushuru wa forodha ni milioni 2, na jumla inakuwa milioni 10. Ushuru wa bidhaa ni 500,000 na wa uchakavu ni milioni 3, jumla milioni 13.5. VAT ni milioni 2.43. Kodi yote inafikia shilingi milioni 7.93, bila kuhesabu tozo ndogo kama ya maendeleo ya reli, wala malipo ya wakala wa forodha na usajili. Kwa maneno mengine, mnunuzi amelinunua gari hilo mara mbili.

Kama gari hilo la milioni 8 lingekuwa na miaka 9, kodi ingekuwa milioni 6.16. Lingekuwa chini ya miaka 8, ingekuwa milioni 4.39. Tofauti ya shilingi milioni 3.54 kati ya mwisho na mwanzo inatokana na umri tu, ingawa ni kweli kwamba gari la umri mdogo huthaminiwa juu zaidi. Aidha, ndiyo sababu Noah hupendwa kuliko Alphard: injini za Noah ya petroli ziko chini kidogo ya cc 2000, wakati Alphard ya 2.4 ina cc 2362 na huingia kwenye kundi la asilimia 10.

Majirani wana taratibu nyingine. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hairudishi gari kwa sababu ya umri, bali hulitoza. Matokeo yake ni kwamba Noah zinazoshushwa Dar es Salaam huwa na umri mkubwa kuliko za Mombasa. Kwa kuwa viwango hutangazwa katika bajeti ya kila Juni, mnunuzi ahakikishe vya mwaka wake kabla ya kuagiza.

Noah si moja

Yadini magari yote huitwa Noah, lakini mafundi huyatofautisha kwa herufi za chesisi.

La kwanza ni SR40 na SR50, lililotoka mwaka 1996 na ambalo wengi huliita Noah ya zamani. Injini yake ya petroli ni 3S-FE, iliyokaa chini ya viti vya mbele, na nguvu huenda magurudumu ya nyuma. SR50 husukuma magurudumu yote manne. Ni injini isiyo na mambo mengi, na mafundi wengi huifahamu. Kasoro zake ni joto miguuni mwa dereva, na kwamba fundi hulazimika kuinua viti ili aifikie injini. Aidha hutumia mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati.

La pili ni AZR60, pamoja na ndugu yake Voxy, lililotoka Novemba 2001. Sakafu yake iko chini zaidi, na bibi hupanda bila kushikwa mkono. Lakini injini yake ya 1AZ-FSE, maarufu kama D-4, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Mfumo huo hautaki mafuta machafu. Enzi za uchakachuaji, petroli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, Noah za aina hii ziliwatesa sana wenye nazo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na hali ikawa afadhali, lakini pampu na masizi yanayojaa kwenye njia ya hewa bado ni gharama ya kutarajiwa.

La tatu ni ZRR70, la kuanzia Juni 2007. Injini zake za familia ya 3ZR zimeachana na D-4, na kwa sababu hiyo mafundi wengi huliona kuwa jepesi zaidi kuishi nalo. Hata hivyo gia boksi yake ni CVT, ambayo inataka oili yake maalumu. Wako waliowekewa oili ya gia boksi ya kawaida ili kuokoa fedha kidogo, kisha wakanunua gia boksi nzima. Toleo hili lilipisha jingine mwanzoni mwa 2014, hivyo yote yamekwisha pita miaka 10, na kila linaloingia sasa hulipa asilimia 30 ya uchakavu.

La nne, lililotoka Januari 2014, ndilo lenye pia aina ya haibridi ya cc 1800. Haibridi huokoa mafuta kwenye foleni, ila betri yake kubwa lazima ipimwe kabla ya kununua.

Maisha ya kila siku

Chukua familia inayoishi Bunju au Mbezi, yenye mwendo wa kilomita 50 kwa siku kwenda na kurudi, siku 24 za mwezi. Hizo ni kilomita 1,200. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 150 kwa mwezi, na la kilomita 10 kwa lita litakunywa 120. Tofauti ya lita 30 kwa mwezi ni lita 360 kwa mwaka. Mnunuzi azidishe mwenyewe kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza mwanzoni mwa kila mwezi, kisha alinganishe na ada ya shule ya mtoto mmoja. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na fedha zake zikahamishiwa kwenye mafuta, hivyo anayetembea sana ndiye anayelipa zaidi.

Mlango wa kusukuma ni raha penye maegesho finyu, lakini ule wa umeme huchoshwa na vumbi, na waya na mota yake hukatika. Ni vema reli zake zisafishwe mara kwa mara. Wazazi waelewe pia kuwa viti vinane vikijaa, nafasi ya mizigo nyuma ni ya mabegi machache tu.

Kununua la mkononi

Wasioweza kungoja meli hununua gari ambalo limekwisha tumika nchini. Madalali huuza kwa herufi, wakisema namba D au namba E. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, wala haisemi lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa utafutwe kwenye kadi na kwenye chesisi, na namba hizo zilingane.

La kuangaliwa zaidi ni kazi liliyokuwa likifanya. Katika mikoa kama Kilimanjaro na Arusha, Noah nyingi zimekuwa za kubeba abiria, zikiwa na namba nyeupe za biashara. Soko hilo lina faida kwa mwenye Noah, kwa kuwa hata iliyozeeka hupata mnunuzi. Lakini lina hatari kwa familia, kwa sababu baadhi hupakwa rangi na kurudishwa sokoni kama gari la nyumbani. Dalili ni sakafu iliyolika penye mlango, reli zilizochoka, matundu ya bolti za viti vya ziada na kitambaa kipya kwenye viti vya nyuma peke yake. Mnunuzi ahakikishe pia kama kuna deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na kama kadi haikuwekwa rehani benki.

Kwa familia inayokopa, hesabu ya busara ni kutotumia mkopo wote kulipia gari. Fungu libaki kwa oili, matairi, betri, bima na ukaguzi wa fundi asiyeletwa na muuzaji. Fedha ikiwa haifiki hapo, na viti vinane vinahitajika Jumapili na Krismasi tu, Toyota Wish ya cc 1800 au Sienta ya cc 1500 zina safu tatu za viti na hula mafuta kidogo. Noah inamfaa yule ambaye viti vyake hujaa Jumatatu hadi Ijumaa.