Allbirds: Kiatu laini, hesabu ngumu

TAREHE 3 Novemba 2021 hisa za kampuni ya viatu ya Allbirds ziliingia kwa mara ya kwanza katika soko la hisa la Nasdaq, Marekani, zikiwa zimepangiwa bei ya dola 15 kila moja. Soko lilipofungwa jioni hisa moja ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 28, na kampuni nzima ikathaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 4. Septemba 2024, kabla hata miaka mitatu haijatimia, kampuni hiyo hiyo ililazimika kuunganisha kila hisa 20 kuwa moja ili kuinua bei. Hisa ilikuwa imeporomoka chini ya dola 1, na soko lilikwisha kutoa onyo kwamba ikiendelea hivyo itaondolewa kwenye orodha.

Allbirds haikuwa kampuni ya kitapeli. Iliuza raba halisi, zilizopendwa na watu wengi, na iliahidi mambo mawili kwa mpigo: kwamba kiatu kitakuwa laini mguuni, na kwamba kitatengenezwa bila kuharibu mazingira. Ilipoanguka, wapo waliofanya haraka kusema kwamba kujali mazingira ni anasa na biashara haiwezi kuibeba. Mwandishi amezipitia hesabu za kampuni hiyo mwaka hadi mwaka, na kwa maoni yake hesabu hizo hazisemi hivyo.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Tim Brown, mchezaji wa kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya New Zealand na mmoja wa kikosi kilichokwenda Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, alijiuliza kwa nini nchi yenye kondoo wengi kiasi kile haitengenezi viatu kwa sufu. Mwaka 2014 aliitangaza raba yake kwa wachangiaji wa mtandaoni na kwa siku chache akakusanya zaidi ya dola 100,000. Baadaye akaungana na Joey Zwillinger, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyotengeneza mafuta kutokana na mwani, na Machi 2016 wakaanza kuuza raba ya sufu ya kondoo wa merino kwa dola 95. Jarida la Time liliisifu kuwa huenda ndiyo raba inayostarehesha kuliko zote duniani. Ndani ya miaka miwili kampuni ilikuwa imeuza jozi milioni 1, nyingi kati ya hizo moja kwa moja kwa mvaaji bila kupitia kwa mwenye duka.

Sasa tuangalie ahadi ya pili, ile ya mazingira, kwa macho ya mhasibu.

Mwaka 2018 kampuni ilianza kutumia soli zilizotengenezwa kwa miwa badala ya mafuta ya petroli, malighafi ikitoka kwa kampuni ya kemikali ya Braskem ya Brazil. Haikuficha utaalamu huo; iliuacha wazi ili washindani nao wautumie. Mwaka 2020 ikaanza kuandika kwenye kila bidhaa uzito wa hewa ya ukaa iliyotokana na kuitengeneza. Wastani ulikuwa kilo 7.6, wakati raba ya kawaida, kwa makadirio ya kampuni yenyewe, ilikuwa na kilo 12.5. Watafiti wa chuo cha MIT walipopima raba moja ya kukimbilia mwaka 2013 walipata kilo 14, na zaidi ya theluthi mbili ya hewa hiyo ilitoka kiwandani. Kwa hiyo Allbirds haikuwa ikipiga porojo. Mwaka 2021 ilipelekwa mahakamani New York kwa madai kuwa inawadanganya wanunuzi, na mwaka 2022 jaji akaitupilia mbali kesi hiyo.

Gharama ya haya yote ilikuwa kiasi gani? Tangu 2019 kampuni ilikuwa ikilipia miradi ya kufidia hewa ya ukaa inayotokana na shughuli zake. Tufanye mfano: tani moja ya hewa hiyo ikilipiwa dola 20, kilo 7.6 ni senti 15 za Marekani. Kwa kiatu cha dola 95, senti 15 haimfilisi mtu. Sufu na soli za miwa ni ghali zaidi kuliko plastiki, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2021, sufu ikiwamo, miwa ikiwamo na lebo ikiwamo, faida ghafi ya Allbirds ilikuwa karibu asilimia 53 ya mauzo. Kiwanda kingi cha viatu kingeipokea faida hiyo kwa mikono miwili.

Tatizo lilikuwa chini ya mstari huo wa faida ghafi. Mwaka 2021 mauzo yalikuwa dola milioni 277.5 na hasara milioni 45.4. Mwaka 2022 mauzo yalifika milioni 297.8, hasara ikaruka hadi milioni 101.4. Mwaka 2023 mauzo yalirudi nyuma hadi milioni 254.1 na hasara ikawa milioni 152.5. Kwa lugha ya gengeni, mwaka 2021 kila dola 100 zilizoingia zilifuatana na hasara ya dola 16. Miaka miwili baadaye hasara ilikuwa dola 60. Uuzaji wa hisa wa 2021 ulikusanya takribani dola milioni 300, na sehemu ya fedha hizo iliwaendea wanahisa wa zamani waliouza hisa zao. Hasara ya miaka mitatu hiyo pekee inakaribia kiasi hicho chote.

Fedha zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye maduka. Kampuni iliyozaliwa kwa kuuza mtandaoni ilifungua maduka hadi kukaribia 60, katika miji yenye kodi za kutisha. Nyingine zilikwenda kwenye bidhaa ambazo mteja hakuziomba: suruali za kubana za mazoezi, makoti, na raba za mbio ambazo wakimbiaji wenyewe hawakuzikimbilia. Bidhaa zikalundikana ghalani na zikauzwa kwa punguzo, ndiyo maana faida ghafi iliporomoka hadi asilimia 41 mwaka 2023. Machi mwaka huo uongozi ulikiri kwamba ulitoka mno nje ya kile kilichowapendeza wateja wake wa mwanzo. Brown aliacha nafasi ya mkurugenzi mtendaji mwenza mwaka 2023, na Zwillinger akafuata Machi 2024, kiti kikachukuliwa na Joe Vernachio.

Mambo hayo hayana uhusiano na kondoo wala miwa. Ni makosa ambayo hata muuza magodoro anaweza kuyafanya: kupewa mtaji mkubwa na watu wenye haraka, kisha kulazimika kukua kwa kasi ambayo bidhaa haiwezi kuihimili.

Hata hivyo kuna eneo moja ambapo Allbirds ilikosea hesabu ya mazingira yenyewe, nalo ni uimara. Wavaaji wengi walilalamika kwamba sufu hutoboka mapema pale kwenye kidole gumba. Lebo ilihesabu kilo kwa jozi. Haikuhesabu kilo kwa mwaka wa kuvaa. Kiatu cha kilo 7.6 kinachokwisha kwa mwaka mmoja kina mzigo mkubwa zaidi kuliko kile cha kilo 14 kinachovaliwa miaka mitatu. Mnunuzi wa mitumba pale Karume, Dar es Salaam, anaijua hesabu hii bila kuambiwa. Hasomi lebo. Anakunja soli, anavuta gundi kwa kucha, anaingiza mkono ndani kupapasa penye kidole, ndipo anauliza bei. Kiatu kilichoshindwa mtihani huo hakipati mvaaji wa pili, hata kama kilizaliwa kwa nia njema kiasi gani.

Linganisha na Birkenstock ya Ujerumani, watengenezaji wa makubazi ambao historia ya jina lao inaanzia mwaka 1774. Nao wanauza starehe ya mguu. Kikanyagio chao kina gome la mwaloni kutoka Ureno, lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo, na soli ikiisha fundi anaibandua na kuweka nyingine. Mazingira si wimbo wao mkuu. Mteja anaambiwa kwanza kuhusu mguu wake. Kazi ya kuunganisha viatu karibu yote inafanyika Ujerumani kwa mishahara ya Ujerumani, nao hupeleka dukani bidhaa pungufu kidogo ya zinazotakiwa ili zisiishie kwenye punguzo. Waliingia soko la hisa la New York Oktoba 2023 kwa dola 46, na siku ya kwanza hisa zikashuka hadi karibu dola 40. Magazeti yaliwacheka. Lakini katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024 waliuza bidhaa za euro bilioni 1.8 na kupata faida halisi ya euro milioni 192 hivi.

Haina maana kwamba Wajerumani ni watakatifu zaidi. Ngozi ya ng'ombe ina mzigo wake kwa mazingira, na Allbirds ilifikia kilo 2.94 mwaka 2021 kwa raba moja iliyotengeneza pamoja na Adidas. Ila wao wana miaka mingi ya kukosea na kurekebisha bila kuulizwa na mwenye hisa kila robo mwaka, na Allbirds haikuwa nayo.

Mwaka 2023, wakati maduka yanapunguzwa, Allbirds ilionyesha kiatu ilichosema kina kilo 0.0 za hewa ya ukaa, kwa kutumia sufu ya shamba moja la New Zealand linalotunza udongo na miti yake. Ni kazi ya kitaalamu ya kuheshimiwa. Hesabu za 2024 zilizofuata zilionyesha hasara imepungua hadi dola milioni 93.3 na faida ghafi imepanda kidogo, karibu asilimia 43. Mauzo yalikuwa dola milioni 189.8, pungufu ya yale ya mwaka 2019, kabla kampuni haijawa na hisa hata moja sokoni.