Tukikatwa wote kiwango kimoja, nani anabaki na nini?

Basi lilikuwa linapanda kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto, mwalimu niliyekaa naye siti moja akaniuliza: "Kaka, wanataka kuniongeza mshahara. Nikivuka laki tano na ishirini naingia kwenye asilimia 20. Si nitapata pungufu kuliko sasa? Bora tukatwe wote kiwango kimoja, tujue moja."

Hofu yake wengi tunayo, lakini haina msingi. Angalia matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Usambara: ukichimba tuta la juu, la chini halibadiliki. PAYE ya Tanzania Bara iko hivyo hivyo. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 (mpaka 2021 ilikuwa 9), hadi 760,000 ni 20, hadi milioni moja ni 25, na zaidi ya hapo 30. Ukivuka 520,000 kwa shilingi 20,000, asilimia 20 inagusa hizo 20,000 tu. Yaani 4,000.

Sasa tuje kwenye kiwango kimoja. Tuchukue watu watatu wa kubuni, wote wanachangia NSSF asilimia 10, ambayo hutolewa kabla ya kodi.

- Mlinzi, mshahara 300,000. Inabaki 270,000, kodi sifuri.
- Mwalimu, 600,000. Inabaki 540,000, kodi 24,000.
- Meneja, milioni 2. Inabaki 1,800,000, kodi 368,000.

Serikali inapata jumla ya 392,000, ambayo ni kama asilimia 15 ya mapato yao yote. Basi tuwakate wote asilimia 15 na tuone wanapeleka nini nyumbani:

- Mlinzi: kutoka 270,000 hadi 229,500.
- Mwalimu: kutoka 516,000 hadi 459,000.
- Meneja: kutoka 1,432,000 hadi 1,530,000.

Serikali imepata 391,500, karibu ile ile. Ila 98,000 alizoongezewa meneja zimetoka karibu zote mifukoni mwa wale wawili.

Utasema, basi tumwachie mlinzi 270,000 zake, halafu kiwango kimoja kianzie hapo. Sawa. Illinois kule Marekani wanatoza asilimia 4.95 kwa wote, lakini sehemu ya mapato inasamehewa kwanza. Kwa watu wetu watatu, ili serikali isipungukiwe, kiwango kinabidi kiwe karibu asilimia 22. Mlinzi anapona. Meneja anakatwa kama 336,000, bado pungufu ya sasa. Mwalimu? Kutoka 24,000 hadi kama 59,000.

Kiwango kimoja kina faida yake: hesabu ni nyepesi, hata kwenye simu ya tochi unaipiga. Lakini wepesi wa hesabu haukuambii nani anabeba mzigo. Ukisikia mtu anapendekeza kodi ya namna hii, muulize mambo mawili: asilimia ngapi, na inaanzia shilingi ya ngapi?

Mwalimu alishuka Soni. Kabla hajashuka alipiga hesabu yake mwenyewe, akacheka: "Kumbe nilikuwa naomba nikatwe zaidi!" Nyongeza yake alisema ataipokea.