Madaktari wa Ngozi na Hazina ya Umma Nchini Marekani

Mwaka 2006, mahakama nchini Marekani ilimhukumu daktari mmoja wa ngozi wa mji wa Sarasota, katika jimbo la Florida, kifungo cha miaka 22. Kosa lake lilikuwa kuwapasua wazee ambao hawakuwa na saratani, kisha kuidai serikali malipo. Watumishi wake, walipoingiwa na shaka, waliweka kwenye kioo cha hadubini kipande cha chingamu badala ya nyama ya mgonjwa. Jibu la daktari likawa kwamba ni saratani.

Jambo hilo haliwezi kufahamika vyema bila ya kujua jinsi matibabu yanavyolipiwa nchini humo. Sheria ya mwaka 1965 iliwawekea wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi bima ya serikali iitwayo Medicare. Kwa desturi ya bima hiyo, daktari hulipwa kwa kila kitendo. Anayemtazama mgonjwa na kumshauri avae kofia hupata ada ya kumwona tu. Anayekata au kugandisha huongezewa malipo juu yake.

Mfano mmoja ni madoa yenye magamba yaletwayo na jua katika ngozi nyeupe. Mengi hayageuki kuwa saratani, na baadhi hupotea yenyewe. Kugandisha doa moja kwa naitrojeni baridi huchukua sekunde chache. Doa la kwanza lina bei yake. La pili hadi la 14 kila moja huongeza kidogo. Na yakifika 15 au zaidi hulipwa kwa mkupuo. Anayeyahesabu ndiye huyo huyo anayelipwa, na mgonjwa naye huchangia sehemu ya gharama.

Isidhaniwe kwamba matibabu hayo hayana faida. Katika Afrika Mashariki, watu wenye ualbino hufa kwa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na kugandisha madoa hayo mapema huweza kuokoa maisha. Madaktari wengi wa Marekani nao hufanya kazi yao kwa uaminifu. Hata upasuaji alioutumia yule wa Sarasota, uitwao Mohs, ni tiba yenye sifa njema: daktari hukata tabaka moja la ngozi, akalitazama mwenyewe kwa hadubini, na kuendelea mpaka saratani iishe.

Ila hapo ndipo penye hatari. Ni kama polisi mmoja akamate mtuhumiwa, atoe ushahidi, akate hukumu, kisha faini aitie mfukoni mwake. Kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Hata mtu mwema, akiwekwa mahali hapo kila siku, jicho lake huanza kuona ugonjwa pale penye malipo.

Wanajeshi wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Sheria ambayo Marekani huitumia kuwadai wanaoiibia serikali kwa hati za uongo, wakiwamo matabibu, ilitungwa mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wafanyabiashara walikuwa wakiyauzia majeshi ya Abraham Lincoln silaha mbovu na wanyama wagonjwa, na waliolipa hasara hiyo kwa damu ni askari. Sheria hiyo humpa raia anayefichua wizi sehemu ya fedha zinazorudishwa, ambayo leo ni kati ya asilimia 15 na 30.

Funzo lililopo si kumchukia tabibu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: ni ugonjwa gani, na nini kitatokea usipoguswa? Kipande kilichokatwa kisomwe na jicho la pili lisilopata faida. Naye askari asitie sahihi hati ya matibabu ambayo hakupewa, kwani sahihi hiyo ndiyo ufunguo wa hazina ya umma, na hazina hiyo ndiyo itakayomtibu siku atakapojeruhiwa kweli.