Wiki ya siku nne kiwandani: Hesabu zianze na sheria

MSIMU wa alizeti unapofika katika mikoa ya Singida na Dodoma, viwanda vya kukamua mafuta hupokea mbegu nyingi kwa muda mfupi. Mashine huhitaji kupashwa moto kabla ya kukamua vizuri, na muda huo hulipiwa mishahara na nishati bila kutoa mafuta.

Kiwanda kinachofanya kazi saa saba na nusu kwa siku sita hubeba gharama hiyo kila asubuhi. Saa hizo zikikusanywa katika siku nne, kuwasha mashine mara moja huzaa saa 11 za kazi. Mfanyakazi naye huokoa nauli ya siku mbili na kupata muda wa kwenda shambani kwake.

Je, sheria inaruhusu? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida kuwa saa tisa kwa siku, siku sita na saa 45 kwa wiki. Kifungu cha 21 kinaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwamo, bila malipo ya saa za ziada. Wiki ya aina hiyo isizidi siku tano, saa 45 za kawaida, wala saa 10 za ziada.

Hapa ndipo mameneja wengine wanaweza kukosea. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya dakika 60. Kwa hiyo zamu ya saa 1:00 asubuhi hadi saa 1:00 jioni ina saa 11 za kazi, na siku nne ni saa 44. Hakuna nafasi ya kuongeza hata dakika 15, kwa kuwa mfanyakazi lazima apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Saa za ziada zikihitajika, zipangwe siku ya tano.

Kiwanda chenye makundi mawili kinaweza kupanga la kwanza lifanye kazi Jumatatu hadi Alhamisi, na la pili Alhamisi hadi Jumapili. Alhamisi, makundi yote yakiwapo, itumike pia kwa usafi na matengenezo.

Mfanyakazi anapoteza nini? Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa Sh390,000 kwa mwezi, ambao ni karibu Sh2,000 kwa saa. Bila makubaliano, saa mbili zinazozidi tisa kila siku zingelipwa mara moja na nusu, yaani Sh3,000 kila moja. Kwa siku nne, nyongeza hiyo ni Sh8,000 kwa wiki. Akisaini, anaiachia.

Ndiyo maana saini isichukuliwe kama jambo la kupitisha tu. Wafanyakazi na chama chao wana haki ya kuuliza watapata nini badala yake: mlo wa mchana, usafiri wa jioni, au mshahara wa saa 45 kwa kazi ya saa 44.

Zamu ya usiku ina hesabu yake. Kila saa kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi huongezewa asilimia tano ya mshahara wa msingi. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangiwi zamu hiyo, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Kwa kiwanda ambacho kazi yake hupanda na kushuka na mavuno, njia nyingine ni mkataba wa pamoja unaokokotoa wastani wa saa kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja. Wastani huo usizidi saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki.

Mwisho, uchovu nao ni gharama. Saa ya kumi na moja mbele ya mkanda unaozunguka si sawa na ya kwanza. Mwajiri mwenye busara ataanza na majaribio ya wiki chache, ahesabu mafuta, ajali na watoro, kisha ndipo aamue pamoja na wafanyakazi wake.